Mabati Yanayobaki Sakafuni

Injini ya Kombi ikishafungwa na kurudishwa mahali pake, mara nyingi yanabaki mabati sakafuni. Mawili, matatu, pengine zaidi: meusi, mepesi, yaliyopindwapindwa, yenye matundu ya skrubu zilizopotea zamani. Fundi anawasha, injini inaitika kwa ule mkoromo wake ambao aliyeusikia utotoni hausahau. Anayatazama yale mabati, anayasukumia kwa mguu chini ya benchi, anasema hayana kazi. Kwa dakika ile hakuna wa kumbishia, maana gari linatembea. Litatembea leo na kesho, litatoka Kilosa hadi Mikumi na kurudi bila neno. Halafu siku moja ya jua kali, baada ya kupita Ruaha Mbuyuni, katikati ya mlima Kitonga, litakata pumzi, na mwenye gari ataambiwa kuwa magari haya ya Mjerumani hayawezi joto la kwetu.

Kauli hiyo naikataa. Joto la kwetu Kombi ililiweza, tena kwa miaka mingi na kwa barabara mbovu kuliko hizi tulizo nazo. Isichokiweza ni kuendeshwa ikiwa imevuliwa nusu ya vitu vinavyoipoza, kisha ikalaumiwa kwa kuungua.

Tuanze na injini yenyewe. Iko nyuma, imelala, silinda mbili kulia na mbili kushoto. Haina rejeta, haina pampu ya maji, haina mipira ya maji ya kupasuka njiani. Kinachoipoza ni upepo, na upepo huo hautokani na mwendo wa gari kama wengi wanavyodhani. Unatoka kwenye feni iliyofungwa katika mhimili wa dainamo, ndani ya jumba kubwa la bati lililokaa juu ya injini. Mkanda mmoja unazungusha dainamo na feni kwa pamoja. Ndiyo maana taa nyekundu ya chaji ikiwaka kwenye dashibodi, dereva wa Kombi anayeijua kazi yake hasubiri kufika kituo cha mafuta. Anasimama hapo hapo. Taa ile haimpi habari za betri peke yake. Huenda mkanda umekatika, na kama umekatika, injini imebakiwa na dakika chache za kuishi.

Feni inavuta hewa ya nje kupitia matundu yaliyo ubavuni, nyuma kabisa, na kuisukuma chini ipite kati ya mapezi ya silinda. Hadi hapo kila fundi anafahamu. Kinachosahaulika ni tabia ya upepo. Upepo ukiachiwa huchagua njia nyepesi. Hauna sababu ya kujipenyeza kwenye mapezi yaliyobanana wakati pembeni kuna uwazi mpana. Kwa hiyo walioibuni injini hii waliizungushia mabati. Yapo makubwa mawili yanayofunika silinda na hedi kwa juu, kila upande lake, yenye matundu ya kupitishia waya za plagi na mipira ya kuziba kuzizunguka waya hizo. Yapo ya mbele na ya nyuma. Yapo yanayoshuka ubavuni. Na yapo madogo mawili ambayo ndiyo yanayopotea kuliko yote: yanakaa chini ya silinda, yamebanwa katikati ya kila jozi, hayaonekani hata ukilala uvunguni mwa gari na tochi. Kazi yake ni kuushika upepo unaoshuka na kuulazimisha uzunguke hadi tumbo la silinda kabla haujatoka. Bila hayo, upepo unagusa mgongo wa silinda, unadondoka moja kwa moja barabarani, na upande wa chini unabaki unaokwa. Chuma kilichopoa juu na kuungua chini hakitanuki sawasawa. Silinda inapoteza mviringo wake kidogo kidogo, pistoni inaanza kukwaruza, oili inaanza kuliwa, na moshi wa buluu unaonekana nyuma.

Mabati hayo mawili yana jambo moja la kuudhi. Lazima yawekwe wakati injini inajengwa, kabla hedi hazijapanda na kabla ya ile mirija inayopita chini ya silinda kukaa mahali pake. Ukiyakumbuka baada ya kukaza nati za hedi, umekwisha chelewa. Ama unafungua upya, ama unayaacha. Mtu aliyechoka, saa kumi na moja jioni, mwenye gari akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, atayaacha.

Kuna kazi ya pili ya mabati, na hii kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi. Yakifungwa yote na ukingo wake ukapigwa mpira kuzunguka, mabati yanaigawa injini sehemu mbili. Juu ni chumba cha hewa ya kuvutwa: feni, kabureta, dainamo. Chini ni upande wa hewa iliyokwisha tumika: ekzosi, silinda, joto la lami linalopanda kutoka barabarani. Hewa ikishashuka haitakiwi kurudi. Mahali palipo na tundu, feni, ambayo haichagui, itavuta hewa ile ile iliyoungua na kuirudisha juu ya silinda, kisha itaivuta tena, na tena, kila mzunguko ikiwa na joto zaidi. Gari linakuwa kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi akivuta pumzi yake mwenyewe. Nimewaona watu wakijaribu kutibu hali hiyo kwa kuufunga mlango wa injini ukiwa nusu wazi, kwa kipande cha mti, ili injini ipate hewa. Mara nyingi kinachoingia hapo ni joto la ekzosi na vumbi la magurudumu.

Jambo la joto la kupashia abiria nalo linastahili kusemwa, kwa sababu ni la kwetu hasa. Ulaya injini hii ilipewa kazi ya ziada: sehemu ya upepo wa feni ilipelekwa kwenye maboksi yanayozunguka ekzosi, ikapata moto, ikaingia ndani kupasha watu miguu wakati wa theluji. Kilosa hakuna anayehitaji kupashwa miguu. Mabomba yale yakioza yanakatwa na kutupwa, jambo ambalo ni sawa kabisa. Lakini kwenye jumba la feni yanabaki matundu mawili mapana, moja kila upande, ambayo mabomba yalishikizwa. Yasipozibwa, upepo mwingi uliokusudiwa silinda unamwagika hapo. Vifuniko viwili vya bati, ambavyo fundi wa majiko anavikata huku akizungumza na mteja mwingine, vinatosha kuurudisha.

Injini ya 1600, ambayo kwa hesabu kamili ni sentimita za ujazo 1,584, ilikuwa na udhaifu wake wa kuzaliwa, nami sitaki kuuficha kwa sababu ya mapenzi. Kwenye matoleo ya zamani kipozea oili kilisimama ndani ya jumba la feni, juu ya upande wa kushoto, na silinda namba tatu ikawa inapokea hewa iliyokwisha chukua joto la oili. Ndiyo iliyokuwa ikiungua kwanza. Valvu yake ya ekzosi ilirefuka, na fundi makini aliyepima uwazi wa valvu injini ikiwa baridi, akitafuta ule upana wa milimita 0.15, alikuta namba tatu imebana kila mara. Wahandisi walijua, hata distribyuta waliitengeneza iicheleweshe cheche ya namba tatu kidogo ili kuipunguzia moto. Mwishoni, kuanzia magari ya mwaka 1971, walikihamishia kipozea oili kwenye kijumba chake nyuma ya jumba la feni na kukipa njia yake ya kutokea: kimfereji cha bati kinachopeleka hewa moto ya oili chini, nje kabisa. Kimfereji hicho kinatoshea kwenye viganja viwili. Kikikosekana, dawa yote iliyotafutwa kwa miaka inageuka kuwa ugonjwa mpya, maana joto la oili linamwagika ndani ya chumba cha hewa baridi. Na hicho nacho, mara nyingi, hubaki sakafuni.

Mholanzi Ben Pon alichora umbo la Kombi kwenye ukurasa wa daftari mwaka 1947, na mwaka 1950 kiwanda cha Wolfsburg kikaanza kuitengeneza kwa injini ya lile gari dogo la mgongo wa duara lililobuniwa na Ferdinand Porsche. Gari dogo hilo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, katika njia zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika, vumbi kwa matope. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilipoanzishwa mwaka 1964, Kombi ilikuwa miongoni mwa magari yaliyozoeleka kubebea wageni wa mbugani katika Afrika Mashariki, paa likiwa limekatwa ili watu wasimame na kuwaangalia tembo. Barabara ya kwenda Iringa wakati ule haikuwa hii ya leo. Ian Smith alipojitangazia uhuru Rhodesia Novemba 1965 na Zambia ikakosa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini, malori ya mapipa yalianza kumiminika kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Mikumi na Iringa, na barabara ile ikaitwa ya jehanamu kwa wingi wa waliokufa na magari yaliyopinduka. Katika nchi ya namna hiyo, gari lisilohitaji maji lilikuwa neema. Misheni, wakaguzi wa shule, madaktari wa kuzunguka vijijini, wote walikuwa na sababu ya kulitaka.

Kwa hiyo tabia ya kutupa mabati haikuja na gari. Naamini ilikuja na uhaba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, spea zikawa za kuombwa na kungojwa, na fundi wa wilayani akajifunza elimu moja kubwa: kutofautisha kitu ambacho bila hicho gari halitembei na kitu ambacho bila hicho litatembea tu. Elimu hiyo iliokoa maisha. Iliwafikisha wajawazito hospitali, ililifikisha zao sokoni, na siwezi kuidharau. Wanafunzi wa mafundi wale waliona wakubwa wao wakitoa, nao wakatoa. Lakini wale wakubwa walijua walichokuwa wanakitoa na kwa nini. Waliokuja baadaye walirithi kutoa peke yake. Hivi leo kijana anaweza kuitengeneza Kombi ambayo haijawahi, katika maisha yake yote, kuonekana mbele ya macho yake ikiwa kamili. Hana cha kulinganisha nacho. Anafunga alichokikuta.

Ndiyo sababu kazi ya kurudisha mabati naiona ina uzito kuliko ukubwa wake. Na inafanyika. Pale Kilosa, mji uliobanwa kati ya reli na milima ya Usagara, mafundi bati hawajaisha. Wanatengeneza majiko, ndoo za kumwagilia, mikebe ya kupimia nafaka, vibatari vichache kwa walio mbali na umeme. Mzee mmoja wa kazi hiyo nilimpelekea bati moja la asili, lililooza nusu, pamoja na jumba la feni ili aone linapoegemea. Aliligeuza, akalipitisha kidole ukingoni, akaniuliza:

"Bwana, upepo unatoka wapi na unakwenda wapi?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo katika gereji yoyote. Nikamwonyesha kwa mkono. Akachukua boksi la sabuni, akalikata kwa mkasi mpaka likakaa juu ya silinda bila kupwaya, akalipiga alama kwa mkaa. Nilikuwa nimebeba bati jipya la kuezekea, alilisukuma pembeni. Bati la kuezekea halifiki hata nusu milimita, alisema kwa namna yake, akilipindisha kwa vidole viwili: likitikiswa na injini kwa mwezi mmoja litachanika kwenye skrubu. Alichukua ubavu wa pipa la oili, chuma cha karibu milimita moja, akakiegemeza kwenye kipande cha reli kinachomtumikia kama fuawe, akaanza kukigonga kwa nyundo ya mti. Mjukuu wake alikuwa akishika upande wa pili. Kila baada ya mapigo machache alisimama, akalijaribisha kwenye injini, akatazama mwanga unapopenya, akarudi kugonga. Pale ambapo kiwanda kilikuwa kimepiga bonde dogo kwenye bati la asili, naye alilipiga. Mimi nilidhani ni pambo. Yeye alisema bonde linalizuia bati lisilie. Baadaye nilielewa kwamba bati linalolia ni bati linalotikisika, na linalotikisika halidumu.

Mpira wa ukingoni ulitoka kwenye tyubu ya lori, ukakatwa utepe, ukakunjwa juu ya bati na kubanwa kwa ukingo wa bodi. Hautadumu kama ule wa kiwandani, kwa kuwa joto na oili vitaukausha, lakini kuubadilisha ni kazi ya asubuhi moja na gharama yake ni ndogo. Mipira ya waya za plagi ilinunuliwa, maana huko kubahatisha hakufai. Mlango wa injini ukiwa umefunguliwa na injini ikinguruma taratibu, kijana wa gereji alichukua uzi wa pamba na kuupitisha pole pole juu ya kila kiungo. Penye tundu, uzi ulisimama wima, ukipulizwa na hewa inayovutwa kutoka chini. Akapaka alama ya chaki. Alama zilikuwa nyingi kuliko alivyotarajia, na kila alama ikazibwa. Nilimtazama uso wake wakati uzi ulipopita kingo zote nne bila kuinuka. Hakuna mwalimu ambaye angemweleza vizuri zaidi ya uzi ule.

Kutoka Kilosa kwenda Mikumi barabara inapitia vijiji vya Zombo na Ulaya, na reli ya tawi liendalo Kidatu haiwi mbali. Ni njia ya vumbi wakati wa kiangazi, na vumbi kwa injini hii si dogo: sehemu ya nyuma ya gari linalokwenda hujivutia vumbi lake lenyewe, nalo likichanganyika na oili inayotoka jasho kwenye gasketi linaganda katikati ya mapezi kama udongo wa kiambaza. Basi pamoja na mabati, anayemiliki Kombi huku hana budi kuosha mapezi kila injini inaposhushwa, na kuchungulia ndani ya jumba la feni. Panya wa mashambani hupapenda sana mahali pale gari linapolala muda mrefu. Kiota kimoja cha majani juu ya silinda kinatosha kuifuta kazi yote ya mzee wa bati.

Tulipoijaribu Kombi ile kwa njia hiyo na kufika Mikumi mchana wa jua, kijana wa gereji alichomoa kijiti cha kupimia oili na kukishika kwa vidole. Aliweza kukishika. Ni kipimo cha kizee, hakina namba, lakini anayelijua gari lake hujua tofauti ya kijiti kinachoshikika na kinachotupwa chini kwa kelele.

Pale njia panda ya Mikumi ndipo dereva wa Kombi anapotakiwa kuwa mtu mwingine. Upande wa Morogoro barabara kuu inaikata hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, ambapo kwa haki kabisa mwendo unabanwa kwa ajili ya nyati, twiga na nyani wanaovuka. Upande wa Iringa kuna bonde la mibuyu kisha Kitonga. Njia zote mbili zinauliza swali moja. Feni inazunguka kwa kasi ya injini, haizunguki kwa kasi ya gari. Anayepunguza mwendo hifadhini akabaki gia ya nne, injini ikigugumia, ameipunguzia upepo wakati huo huo ambapo ameiongezea mzigo. Anayepanda Kitonga kwa gia kubwa ili kuionea huruma injini anaiua kwa huruma hiyo. Gia ndogo, injini ikiimba, mguu mwepesi: hapo feni inafanya kazi iliyoumbiwa. Malori yatakupita, au wewe utakuwa nyuma ya malori. Yote mawili ni sawa. Mabati kamili bila dereva anayejua hili ni nusu ya kazi.

Hapo ndipo mawazo yangu hunirudisha Kilosa, kwenye Mto Mkondoa. Mto huu unashuka kutoka milimani ukiwa na mchanga, na kwa miaka mingi mji ulilindwa na tuta. Tuta halilimwi, halipangishwi, halitoi ushuru. Ng'ombe walipita juu yake, mvua ililimomonyoa, watu walilima kando yake, na kwa kuwa mji uliendelea kuwa mkavu, kila mwaka ulikuwa ushahidi kwamba hakuna haraka. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulivunja. Maelfu ya watu walibaki bila makazi, wakalala kwenye mahema, na Reli ya Kati ikasombwa vipande hivi kwamba safari za treni zilisimama. Siku zote kabla ya hapo, aliyesema tuta halina haraka alikuwa na mji mkavu wa kuonyesha, sawa na fundi mwenye gari linalotembea.

Vitu vya namna hii vina bahati mbaya. Pistoni ikivunjika inaonekana. Kabureta ikiziba inaonekana. Bati lisilokuwepo haliachi jeraha lenye jina lake; joto lililoingia kupitia nafasi yake huivunja pistoni, na lawama inabaki kwa pistoni. Mwenye gari ananunua pistoni mpya. Anaunguza na hiyo. Anabadilisha aina ya oili, anabadilisha plagi, anabadilisha fundi, na mwisho anaiegesha Kombi chini ya mwembe na kuku wanatagia ndani. Nimezitazama Kombi nyingi za namna hiyo nyuani kwa watu, na kila nilipoinama kuchungulia nimekuta sehemu ya mabati imekosekana. Haiwezekani zote ziwe zilikufa kwa sababu hiyo. Ila sijashangaa hata mara moja.

Kuna watakaosema zama za injini hii zimepita, kwa nini tuhangaike. Ni kweli zimepita. Ujerumani iliacha kutengeneza Kombi ya umbo hili mwaka 1979. Brazili, iliyoendelea nayo kuliko wote, iliitoa injini ya upepo mwishoni mwa 2005 ikaweka ya maji, kisha mwisho wa 2013 ikaifunga kazi yote. Hatutapata nyingine. Kwangu hiyo ni sababu ya kuhangaika zaidi. Na pia kuna ujuzi ndani yake usiopitwa na wakati. Kijana aliyepitisha uzi wa pamba kwenye kingo za injini ile atakapokutana na friji isiyopoza, na ghala la mahindi linalofuka joto, na nyumba ya bati inayowachoma watu usiku, atauliza kama mzee wa Kilosa: upepo unatoka wapi, unakwenda wapi? Swali hilo ni mtaji wa maisha.

Kabla sijafunga, kuhusu kifaa cha kudhibiti joto, kile kinachotanuka injini ikifikia nyuzi 65 hadi 70 na kufungua milango midogo ndani ya jumba la feni, sitabishana na anayekiondoa huku kwetu kwenye joto. Lakini barabara hii hii ya Mikumi inaishia kupanda hadi Makambako na Njombe, ambako Juni na Julai watu huamka na umande ulioganda. Anayesafiri huko akirudishe. Injini inayokaa baridi muda mrefu nayo inajila, kwa njia yake.

Nimalizie kwa ombi, na namwomba mwenye Kombi iliyokufa uani kwake, awe Kilosa, Kimamba, Mikumi au kwingineko. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapita na mikokoteni yao, na mabati haya mepesi huenda kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka. Usiyauze. Kilo chache za bati hazikupi hata hela ya sukari, na bati moja la asili, hata likiwa limeoza nusu, ndilo kielelezo anachokihitaji fundi bati ili atengeneze mengine kumi. Mpe fundi anayetunza Kombi hai. Au lipeleke chuo cha VETA pale Mikumi, uwaombe walimu wa ufundi wa magari walitundike ukutani, na waioneshe injini moja ya upepo ikiwa imefungwa mabati yake yote, ili walau kila mwaka wapatikane vijana wachache waliowahi kuiona kamili.